Mpira wa Magotini

Pale mtaani Los Cocos, nje kidogo ya San Pedro de Macorís, ukitaka kumpandisha presha Don Eligio Matos ulikuwa unamwambia tu kwamba mrushaji wake ametupa mpira wa chini. Angeacha dhumna mezani, hata kama mchezo ni wake, akufuate mpaka mlangoni kwako akikueleza mpira wa chini ni upi na wa magotini ni upi, na kwamba asiyejua tofauti hiyo aache kuzungumzia besiboli akafuge kuku.

Don Eligio hakufundisha nguvu. Nguvu, alisema, hata punda anayo. Yeye alifundisha shabaha. Kiwanja chake kilikuwa kipande cha shamba la miwa lililoachwa, ambacho mbuzi wa jirani walikitumia zaidi kuliko yeye. Hapo alisimika miti miwili, mmoja upande huu na mmoja upande ule wa kibao anaposimama mpigaji, akafunga nyuzi katikati zikafanya dirisha: uzi wa chini usawa wa magoti, wa juu usawa wa kifua. Mpira ukipita dirishani, umo ndani. Ukipita kando, juu au chini, mpigaji anauangalia tu ukipita na mrushaji ndiye anayeadhirika.

Ila kwake yeye dirisha lote lilikuwa pambo, isipokuwa ule uzi wa chini.

"Ukimpa mpigaji mpira wa kifuani," aliwaambia vijana, "umempikia, umempakulia, na kijiko umemshikisha. Magotini! Mpe magotini, ainame kama anaomba msamaha."

Aliwafundisha kwa kuning'iniza kizibo cha plastiki cha dumu la maji kwenye uzi huo, na kijana hakwenda kula mpaka akipige. Vijana wengi walikonda. Yeuri hakukonda. Yeuri alikuwa mrefu, mpole, mwenye masikio makubwa, na alikipiga kizibo huku mbuzi amesimama pembeni anatafuna, na mbuzi asiache kutafuna. Don Eligio akimtazama kijana huyo alijawa na furaha, akaishia kumfokea ili watu wasione.

Tatizo lilikuwa moja, na mtaa mzima uliona haya kulitaja mbele yake. Wote aliowahi kuwapeleka mjini kujaribiwa na wasaka vipaji wa timu za Marekani walirudi na neno lilelile: chini. Kule Los Cocos wanapiga vizibo, wakifika mjini wanapiga vumbi. Don Eligio alikuwa na sababu kwa kila mmoja. Huyu aliingiwa na woga. Yule alikuwa na mchumba. Mwingine alikula maharage asubuhi.

Wa kwanza wao alikuwa Fausto, mwanawe mwenyewe, aliyekuwa na mkono mzuri kuliko wote. Siku ile Fausto alifukia mipira mchangani mmoja baada ya mwingine, na baba yake hakumsemesha njia nzima. Walipofika, mbele ya majirani waliokuwa wamekaa wakisubiri habari njema, alisema, "Nimezaa kipofu." Mtaa ukalidaka neno. Sasa Fausto alikuwa mtu mzima, ana mke na watoto, anabeba abiria kwa pikipiki, na mpaka leo wanamwita, "Kipofu, nipeleke sokoni!" naye anacheka na kuwapeleka.

Sasa ilikuwa zamu ya Yeuri, aliyekuwa na miaka kumi na minane. Katika biashara hii, ukifika umri huo hujasajiliwa, wanaanza kukusalimia kama mzee. Msaka vipaji, bwana mmoja mnene aliyeitwa Osvaldo Pichardo, alikubali kumwangalia kwa shingo upande.

"Don Eligio," alisema kwenye simu, "nakuheshimu. Lakini kama na huyu ni wa chini, namba yangu uifute. Na kijana umtafutie kazi ya kiwandani."

Siku ilipofika, Don Eligio alivaa kofia safi, akachukua kamba yake. Kamba hiyo alikuwa ameipima mwenyewe ujanani, kwenye uwanja mkubwa wa mjini, kutoka kibao hadi tuta analosimama mrushaji. Kila mwaka mvua zikishalifumua tuta lake, ndiyo aliyoitumia kulijenga upya mahali pake. Ilikaa ndani ya bati la biskuti chini ya kitanda, karibu na picha ya Bikira, na vyote viwili viliheshimiwa sawasawa.

"Iguse," alimwambia Yeuri.

Yeuri akaigusa.

"Kwa mkono wa kutupia, wewe!"

Akaigusa tena. Kisha Fausto akawapakia wote wawili kwenye pikipiki. Mkewe Don Eligio, Doña Tatica, alifuata kwa pikipiki nyingine na sufuria ya wali na kuku mapajani. Alisema hajaona mtu aliyefaulu kitu akiwa na njaa, na wakishindwa, basi angalau watashindwa wameshiba.

Uwanja ulikuwa na nyasi kweli. Pichardo alikaa nyuma ya wavu na kidude chake cha kupimia mwendo wa mpira, mdakaji wake akachuchumaa nyuma ya kibao, na Yeuri akapanda tutani. Akavuta pumzi. Akatupa.

Mpira ulitua kwenye vumbi, ukaruka, ukamgonga mdakaji kwenye kidevu cha barakoa.

"Mwendo mzuri," Pichardo alisema. "Chini."

Akatupa wa pili.

"Chini."

Wa tatu.

"Chini tena. Muonee huruma mdakaji wangu, ana familia."

Don Eligio akapaza sauti kutoka kando. "Yeuri! Umekula nini asubuhi?"

"Wali wa Mama Tatica, mwalimu!"

"Msinitie mie humo," Doña Tatica alisema kutoka kwenye benchi. "Wali wangu haujawahi kwenda chini isipokuwa kooni."

Yeuri akatupa mwingine, na huo nao ukalima ardhi. Pichardo akaanza kufunga kidude chake. Don Eligio akakimbilia tutani, au tuseme alitembea kwa haraka kadiri magoti yalivyomruhusu.

"Una nini, mwanangu? Mchumba?"

"Sina mchumba, mwalimu." Macho ya kijana yalikuwa yamejaa machozi. "Kibao kiko mbali."

"Kibao kiko pale kinapokaa siku zote."

"Kiko mbali. Kule kwetu namuona mbuzi mpaka kope. Huyu mdakaji hata pua yake siioni."

"Amevaa barakoa, wewe!"

Lakini aliposema hivyo aliangalia, na akaona kweli. Kibao kilikuwa mbali. Damu ikamchemka. Miaka yote hiyo watoto wake wananyanyaswa, kumbe ni huu uwanja!

"Pichardo!" alinguruma. "Uwanja wenu umepimwa na mlevi!"

Pichardo alicheka mpaka akalazimika kushika wavu. "Don Eligio, hapa wamecheza mabingwa kabla hatujazaliwa."

"Walionewa na wao. Fausto! Lete kamba!"

Fausto akaileta. Akakanyaga ncha moja kwenye kibao, na baba yake akashika ya pili, akatembea kuelekea tutani kichwa juu, anasubiri kuwaumbua. Akatembea, akatembea, kamba ikakaza. Alipoangalia chini, tuta lilikuwa bado lipo mbele yake. Kati ya kidole chake cha mguu na tuta angeweza kulala mbuzi akajinyoosha.

"Legeza, Fausto!"

"Nimelegeza, baba. Kamba ndiyo imekwisha."

"Kamba haiwezi kwisha! Niliipima hapahapa, juu ya tuta hilihili!"

Ndipo Doña Tatica, aliyekuwa anachambua mfupa wa kuku, akasema bila hata kuinua uso, "Si kwa ajili ya kile kipande nilichokata kumfungia nguruwe?"

Don Eligio aligeuka polepole. "Nguruwe gani?"

"Nguruwe wa Krismasi. Yule mkubwa, aliyekuwa anateleza kwenye mti wa kuchomea. Ulisimama palepale umeshika glasi, unapiga kelele, 'Mfunge vizuri, Tatica, ataangukia motoni!' Nikamfunga vizuri."

"Kwa kamba yangu?"

"Ulitaka nimfunge kwa rozari?"

Mdakaji alivua barakoa ili acheke vizuri. Don Eligio peke yake hakucheka. Kulikuwa na swali moja, na hakutaka kuliuliza, na akaliuliza.

"Ilikuwa Krismasi gani?"

Doña Tatica akafikiri. Alipokumbuka, aliuweka ule mfupa chini. "Ile kabla Fausto hajaja hapa kujaribiwa," alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo.

Fausto alikuwa bado amekanyaga ncha ya kamba kwenye kibao. Alikuwa anaiangalia ile kamba kutoka ncha hadi ncha, na kile kicheko chake cha kila siku hakikuwepo usoni.

"Don Eligio," Pichardo aliita, "jua linapanda. Kuna vijana wengine wanangoja."

Ingekuwa rahisi kuondoka. Angekunja kamba, akatukana uwanja, akarudi Los Cocos kusema Wamarekani wameongeza umbali ili kutukomoa, na mtaa ungemwamini mpaka Pasaka. Alilifikiria hilo, tusimsingizie utakatifu. Kisha akamwona Yeuri anajifuta macho kwa mkono uleule wa kutupia.

"Uwanja wenu ni mzima," alisema. Akaona hajasikika, akavua kofia, akapaza sauti. "Nimesema uwanja ni mzima! Kibovu ni kiwanja changu. Wote niliowaleta hapa niliwafundisha karibu mno, halafu nikawatukana. Huyu kijana hajakosa. Anapiga palepale nilipomwambia apige, ila mimi ndiye nisiyejua pako wapi. Mpe mipira mingine, Pichardo. Nakuomba."

Pichardo alimwangalia kwa muda. Katika kazi yake alikuwa amezoea walimu wanaolaumu upepo.

"Haya," alisema. "Michache."

Don Eligio akapanda tutani. Hapo ndipo alipopata shida kuliko wakati wote, kwa sababu neno lililotakiwa lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwake.

"Yeuri. Sahau magoti. Mlenge tumboni."

Kijana alishtuka kana kwamba ameambiwa amkane Bikira. "Tumboni, mwalimu? Si ulisema huko ni kumpakulia?"

"Nimesema mengi. Tupa."

Yeuri akatupa. Mpira ukaondoka ukielekea tumboni, ukashuka njiani, ukaingia kwenye glavu usawa wa goti. Glavu haikusogea.

"Ndani," alisema Pichardo.

Akatupa mwingine. Ndani. Pichardo akaketi vizuri. Akamwambia mdakaji asogeze glavu upande wa kushoto kabisa wa kibao, na mpira ukaenda kushoto. Akasema kulia, ukaenda kulia. Akasema arudie kushoto lakini nusu kiganja ndani, akidhani anatania, na mpira ukafika nusu kiganja ndani. Miaka yote ya vizibo na njaa ilikuwa imo mkononi mwa yule mtoto. Ilikuwa inahitaji tu kuambiwa ipande kidogo.

"Kijana," Pichardo alisema, akisahau kufunga kidude chake, "kesho uje na mzazi wako. Usichelewe."

Yeuri alimkumbatia mwalimu wake, akamkumbatia Doña Tatica na sufuria yake, na nusura amkumbatie Pichardo. Don Eligio alimwachia shangwe zake, akamtafuta Fausto. Alimkuta kwenye pikipiki, anakunja kamba.

"Baba," Fausto alisema, "kumbe ni nguruwe."

"Kumbe ni nguruwe."

"Na mimi nilimla."

"Mimi nilirudia sahani."

Maneno ya kufokea Don Eligio alikuwa nayo tele. Haya mengine hakujua hata yanaanzia wapi. Mwishowe aligeuka, akaenda akamnyang'anya mdakaji glavu bila kuomba, akachuchumaa nyuma ya kibao, na magoti yake yakalia mpaka benchini wakasikia.

"Kapande pale," alisema.

"Baba, bega langu linajua usukani tu sasa. Twende nyumbani."

"Kapande pale nimekwambia! Tumboni!"

Fausto akapanda. Mpira wa kwanza ulipita juu ya kila mtu na kugonga sufuria ya mama yake.

"Huo haukuwa chini," Doña Tatica alisema.

Fausto akacheka, akazungusha bega, akatupa tena. Haukuwa na mwendo wa kumtisha mtu. Lakini ulikuja ulikotumwa, ukashuka, ukaingia kwenye glavu ya baba yake, na glavu haikusogea hata kidogo. Don Eligio akabaki amechuchumaa, ameushika mpira kwa mikono miwili, kichwa chini.

"Umeingia wapi?" Fausto aliuliza kutoka tutani, na aliuliza kweli.

"Magotini," alisema baba yake.

Hakuinuka. Watu wakadhani ni magoti yale, wakaenda kumsaidia, naye akawaacha wadhani hivyo.

Jioni Fausto alimrudisha kwa pikipiki. Walipoingia Los Cocos, wazee wa dhumna walikuwa bado mezani, na mmoja wao, aliyetaka kupelekwa sokoni, akapunga mkono na kuita, "Kipofu! Ee Kipofu, simama!"

Don Eligio akampiga mwanawe bega asimamishe, akashuka, akamwendea yule mtu mpaka pale mezani.

"Ndiyo mimi," alisema. "Unasemaje?"