Figili za Chizuru na Kodi ya Mji

Mjukuu wangu Chizuru ni karani katika kiwanda cha vitasa hapa Takaoka, Japani. Siku za mapumziko huvundika figili. Kwanza huzitundika upenuni mpaka zinyong'onyee, zipindike bila kuvunjika, ndipo anazipanga pipani kwa pumba za mchele, chumvi na maganda makavu ya machungwa, na juu jiwe la kuzikandamiza. Alikuwa akiziuza mbele ya hekalu.

Kiwandani kwao ni mwiko kuwa na biashara pembeni. Lakini nani hakujua? Mke wa mkuu wake, Bwana Kuramochi, alikuwa mteja wetu, na wakati wa baridi sahani ya figili hizo haikukosekana kwenye meza yao ya chai. Walikula, wakasifu, hakuna aliyeuliza zimetoka wapi. Kwetu linaloonekana kwa macho huvumilika. Lililoandikwa ndilo baya.

Biashara ilipochanganya, Chizuru akasema atalipa kodi kama watu. Jirani yetu Mama Otowa, muuza keki za mchele asiyelipa kodi tangu nimjue, akamcheka. "We binti, kwani nani kakuuliza?"

Chizuru akajaza fomu yake kwa mwandiko safi. Ila pale panapoulizwa kama kodi ya mji utailipa mwenyewe au ikatwe kwenye mshahara, akapaacha wazi, akidhani watamletea bili nyumbani. Halmashauri ikaiunganisha na ya mshahara, ikapeleka hesabu kiwandani. Mhasibu akaona kodi ya karani ni kubwa kuliko inayostahili mshahara wake, akajua ana pato jingine.

Jumapili Bwana Kuramochi akaja mwenyewe. Akavua viatu, akakaa, akawa anazungusha kikombe cha chai bila kunywa.

"Ungenyamaza tu, mwanangu," alisema.

"Nimelipa kodi, mkuu. Sikuiba."

"Najua. Lakini karatasi imeshafika kwa wakubwa. Uache figili, au uache kazi."

Chizuru alinitazama. Mshahara ule ndio unaoninunulia dawa, na figili hazijafika huko. Akainamisha kichwa, akasema ataacha figili.

Mgeni hakuinuka. Alikohoa, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama pipani zimebaki zilizoiva, maana mama yake mgonjwa hali wali bila hizo. Chizuru akatoka, akalitua jiwe, akamfungia mbili nene. Bwana Kuramochi akatoa pochi.

"Rudisha, mkuu," Chizuru akamwambia. "Nikipokea itakuwa biashara."

Akairudisha mfukoni, akainama, akaondoka na harufu ya figili. Ng'ambo ya barabara Mama Otowa alikuwa anapakia keki zake kwenye baiskeli, anawahi kuuza hekaluni.