Kibarua wa Kwenye Kioo

Mwaka 1993 Swaumu alikuwa na televisheni moja na gemu moja, katika chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu baba yake, nyuma ya Mtaa wa Msimbazi. Ndani ya gemu zimwi la magamba lilitembea mjini likikanyaga nyumba, jeusi na jeupe kama mazimwi ya sinema za kale ambazo mzee alizichania tiketi mlangoni miaka ishirini. Kazi ya mchezaji ilikuwa kulizuia, na hakuna aliyewahi kulizuia.

Mji wenyewe ulikuwa Kariakoo. Nyumba iliyokanyagwa kwenye kioo cha televisheni Jumatatu, Jumanne ilibomolewa ili lijengwe ghorofa. Wapangaji wa mtaa ule walizoea kupita asubuhi kuchungulia, kisha wakaenda kufunga magodoro yao.

Kila alasiri zimwi lilipiga hodi kutoka ndani ya kioo, likatoka kunywa chai ya tangawizi. Mkia ulijaa ukumbi mzima, na wenye ndoo za maji waliuruka wakinung'unika.

"Usiwe na wasiwasi," Sudha, mjane wa Kihindi aliyeshona blauzi nyumba ya ng'ambo ya mtaa, alimwambia Swaumu. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

Swaumu alipoiona nyumba yake pembeni mwa kioo, aliliongezea zimwi sukari kwenye chai.

"Hii nyumba iruke, baba."

"Mimi kibarua tu, mama. Natembea na karatasi."

Likachomoa karatasi kwapani. Ilikuwa hati ya mauzo, na chini yake sahihi ya Abdulatif, mdogo wake Swaumu.

Siku ya arobaini ya baba yao, ukoo ulikuwa umekaa jamvini kuchagua msimamizi wa mirathi. Swaumu ndiye aliyemuuguza mzee na ndiye aliyeujua kila ufa wa nyumba ile. Akasimama mwenyewe akasema, "Awe Abdulatif. Mimi mwanamke, mahakamani nitaanzia wapi?" Wazee wakamsifu kwa adabu yake, naye akafurahi. Yeye ndiye aliyembeba Abdulatif mgongoni tangu mama yao alipofariki.

Baada ya kuiona hati, Swaumu alimfuata Abdulatif dukani kwake, mtaa wa Gerezani.

"Dada, si ulinichagua mwenyewe?" alisema Abdulatif, akamvutia kiti.

Swaumu hakukaa. Akatoka bila kuaga.

Siku ya kuhama, zimwi lilimbebea kitanda, kabati na masufuria hadi kwa Sudha, halafu televisheni, ambayo Sudha aliichomeka kwake. Likafuta miguu mlangoni kwa Sudha, likaingia kwenye kioo. Swaumu alishika kidhibiti akabonyeza kila kitufe mpaka vidole vikamuuma. Zimwi lilimtazama kwa huruma, likainua mguu. Ng'ambo ya mtaa vumbi lilitimka, na watu wakafunga madirisha.

Sasa ghorofa limefika la tatu, na Swaumu anauza chai barazani kwa Sudha. Zimwi bado hutoka alasiri, likaketi karibu na jiko lake, limechoka, magamba yamejaa saruji. Saa kumi Abdulatif hupita kwenda kukagua mafundi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," hujibu Swaumu, kwa kuwa ndivyo alivyomfundisha mwenyewe, na zimwi hukunja mkia ili apite.