Nguo za Casiano

Huku kwetu Potosí, mji wa migodi wa Bolivia, mtu mwenye matumaini ana majina mengi, ila moja ni la kumchoma: iluso, na akiwa mwanamke, ilusa. Mtoto anayengoja zawadi haitwi hivyo. Huitwa hivyo yule ambaye wenzake wameshakata tamaa, kisha wanamkasirikia kwa kuwa yeye bado hajakata.

Jirani yangu Fortunata aliitwa hivyo mgodi ulipomfukia mumewe, Casiano. Wachimbaji wenzake Casiano wa ushirika walichimbua vifusi mpaka mikono ikavimba. Desturi yetu, nguo za marehemu hufuliwa mtoni. Zikishafuliwa, amekwenda zake, hatafutwi tena. Nguo za Casiano zilikuwa bado ukutani na jasho lake, kwa hiyo wanaume walilazimika kuendelea.

"Zifue, mwanangu," mama mkwe wake, Doña Eulogia, alimsihi. "Unamzuia njiani."

"Njia ipi, mama? Yuko nyuma ya mawe. Ana maji, ana majani yake ya koka ya kutafuna."

"Ilusa wee! Mlima mzima umemwangukia, wewe unamwekea supu?"

"Namwekea. Sufuria ikikuudhi, usiitazame."

Wachimbaji nao walikuwa na njaa. Vifusi havina madini ya kuuza. Kiongozi wao alipita kwa Eulogia, wakanong'onezana. Kesho yake Fortunata alipokwenda mgodini, yule mama aliingia, akabeba nguo, akazifua mtoni huku akilia. Alilia kweli, simsingizii. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye alitaka uchungu wake uishe upesi. Mimi nilimfuata nikimpigia kelele aache. Akaniambia nifunge domo langu, mwana si wangu.

Fortunata alirudi akakuta suruali zinachuruzika kambani. Alizinusa moja moja. Jioni ile wanaume waliweka sururu chini.

Mvua zilipokwisha, walitoboa njia nyingine wakifuata mshipa wa madini ya bati, wakamkuta Casiano. Alikuwa ameketi, ameegemea mwamba, hana hata jeraha.

"Alikufa palepale, sivyo?" Eulogia aliwauliza. "Jamani, si alikufa palepale?"

Mmoja wa wanaume alimnyoshea Fortunata kitu. Fortunata akakipokea: kipande cha mkanda wa ngozi kilichokutwa mkononi mwa mumewe, kimetafunwa, alama za meno zinaonekana. Akamwekea mama mkwe wake kiganjani.

"Mtu hali mkanda wake siku ya kwanza, mama."