Watoto Watatu wa Mwalimu Hanna

Mwalimu Hanna alirudi Engutoto Jumanne saa tisa alasiri, akitokea Kikatiti alikokwenda kumzika shangazi yake, akakuta geti liko wazi na kochi lake liko nje kwenye majani, paka wa jirani amelala juu yake. Kochi, nje! Alisimama na mkungu wake wa ndizi begani, hajui apige kelele au acheke. Halafu akaingia ndani, na huko ndani, jamani, acheni tu.

Vioo vyote vilikuwa chini. Sinki la jikoni limeng'olewa, milango imepasuliwa kwa shoka, dari limechanwa na nyaya zinaning'inia, na kuta za sebuleni zimemwagiwa oili chafu ya gari toka juu mpaka chini. Hakuna kilichoibiwa. Televisheni ipo, imepigwa nyundo katikati ya kioo. Mwizi unaweza kumwelewa, ana shida zake. Lakini mtu anayehangaika kubeba oili chafu kutoka gereji aje kukupakia ukutani, huyo ana neno na wewe.

"Yesu wangu," Hanna alisema, "nimemkosea nani?"

Jibu lilikuja jioni ile ile. Vijana watatu wa mtaani walikuwa wameonekana wakiruka ukuta: Eliud, Lemburis na Philemoni. Wiki mbili kabla, Hanna alikuwa amewapeleka serikali ya mtaa kwa kuvuta bangi nyuma ya nyumba yake. Na wote watatu aliwafundisha Shule ya Jumapili tangu hawajui kufunga kamba za viatu! Aliyemuuma zaidi ni Philemoni, mtoto wa jirani yake Pudensiana, kijana wa miaka kumi na tisa. Pudensiana ni Mkatoliki, na baba wa mtoto, kwa maneno ya Pudensiana mwenyewe, alifia machimboni Mererani. Lakini mtoto alimpeleka kwa Walutheri, kwa Hanna, na Hanna akaona amepewa heshima kubwa.

Kituo cha polisi wakamuuliza kama anawafahamu.

"Nisiwafahamu vipi?" Hanna alilia. "Ni wanangu hawa! Wanangu mwenyewe, nimewalea kwa mikono hii, leo wananibomolea nyumba!"

Askari akaandika kama alivyosikia. Utamlaumu? Huku kwetu nani asiye mwana wa mtu? Muuza mchicha anakuita mama, konda anakuita mama, na wewe unawaitikia "mwanangu" bila kudaiwa cheti. Hanna akasaini maelezo yake, akaenda kukaa kwa dada yake Elieshi.

Nyumba ilikuwa na bima. Marehemu mume wake, Nathanaeli, alikuwa mtu wa makaratasi, hata risiti ya misumari alikuwa anaitunza kwenye faili. Alipofariki miaka mitatu iliyopita, bima ikahamia kwa jina la Hanna, naye hakukosa kuilipia hata mwaka mmoja. Mkataba unasema waziwazi kwamba uharibifu wa makusudi unafidiwa. Na bila hiyo fidia, nyumba ndiyo basi tena, itabaki gofu, kwa maana pensheni yake isingetosha hata vioo vya mbele. Akajaza fomu. Mkaguzi wa kampuni akaja, akapiga picha, akazungumza na majirani, akaenda zake. Baada ya mwezi mmoja na nusu ikaja barua.

"Madai yako yamekataliwa," barua ilisema. "Kwa mujibu wa kifungu cha kumi na moja, kampuni haifidii uharibifu uliofanywa na wanafamilia wa mwenye bima. Katika maelezo yako polisi umekiri kuwa wahusika ni watoto wako watatu."

Mara ya kwanza aliisoma amesimama. Mara ya pili ilibidi akae. Watoto wake watatu! Mwanamke aliyekaa kwenye ndoa miaka ishirini na minne asishike mimba hata ya wiki moja, aliyeitwa mgumba sokoni, akaitwa mgumba na mama mkwe mbele ya wageni, leo kampuni ya bima imempa watoto watatu kwa mpigo, tena kwa barua yenye muhuri! Akaanza kucheka. Alicheka mpaka Elieshi akatoka jikoni mbio, akidhani dada mtu amechanganyikiwa.

Elieshi ndiye aliyempeleka Themi, kwenye kituo cha msaada wa kisheria. Huko walimkuta wakili kijana, msichana mwembamba wa Kiarusha anayeitwa Namnyaki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Namnyaki akasoma barua, akasoma maelezo ya polisi, akanyanyua macho. "Mama, umeona? Sasa hivi umeniita mwanangu. Ukivunjiwa tena, na mimi nimo."

Wakacheka wote watatu, na Hanna akahisi hewa inarudi kifuani. Namnyaki akamweleza kwamba watapeleka malalamiko kwa msuluhishi wa migogoro ya bima, na kwamba kesi yenyewe ni nyepesi. Kinachotakiwa ni kiapo kwamba hana mtoto, si wa kuzaa, si wa kuasili, si wa kambo.

"Na marehemu je? Hakuwa na mtoto nje?"

Hanna akamwomba Elieshi atoke kidogo. Mlango ulipofungwa, akasema jambo ambalo hajawahi kumwambia binadamu yeyote. Mwezi wa sita mwaka 2006, mwaka wa nane wa ndoa yao, alikuwa ameshafunga begi waende Moshi wakapimwe wote wawili. Nathanaeli akamkalisha chini. Akamwambia ameshakwenda kupima peke yake, na tatizo ni yeye. Akalia kama mtoto, akamwomba aitunze siri hiyo.

"Nikaitunza," Hanna alisema. "Mama yake aliponiita mti mkavu, nilimtazama tu. Nilikuwa namwonea huruma. Nasema moyoni, ungejua, mama, ungejua. Sasa naomba hilo usiliandike."

"Mama, tusipoliandika watageuka waseme watoto ni wa baba. Hapo tutakuwa hatuna la kujibu."

Siku mbili Hanna hakula vizuri. Alikwenda Engutoto, akasimama katikati ya sebule yenye oili, akaona mvua ya usiku imeingia mpaka chumbani. Akarudi Themi akasaini. Njia nzima alikuwa analia, akimwomba Nathanaeli msamaha, kwa kuwa aliona kama amemvua nguo mbele za watu.

Siku ya shauri walikaa kwenye chumba kimoja kidogo cha mjini. Kampuni ilimleta ofisa wake, Bwana Gerson, mwanaume mpole mwenye faili nene. Kiapo kikasomwa kwa sauti, na siri ya Nathanaeli ikasikika mle ndani kila neno. Hanna aliinamisha kichwa. Bwana Gerson akasimama kujibu.

"Mama yangu, kwanza naomba radhi..."

"Mheshimiwa," Namnyaki akadakia, "naomba iandikwe kwamba Bwana Gerson naye ni mtoto wa mlalamikaji."

Msuluhishi mwenyewe alishindwa kujizuia, akacheka. Hanna akapata nguvu. Hasira zote za miaka yote zikampanda, akainuka kwenye kiti kabla Namnyaki hajamshika mkono.

"Leteni cheti cha kuzaliwa!" alisema. "Mnasema nina watoto watatu? Mimi nataka cheti kimoja tu! Kimoja!"

Bwana Gerson hakucheka. Alifungua faili taratibu sana.

"Mama, hawa wawili tumewaondoa, tulikosea. Huyu mmoja tulitaka kukuheshimu, ndiyo maana hatukumwandika kwa jina. Majirani walimwambia mkaguzi wetu. Tukaenda kutafuta, na tunacho."

Karatasi ikapita mezani. Philemoni. Amezaliwa Machi 2006. Mama, Pudensiana. Baba, Nathanaeli Kaanaeli. Aliyetoa taarifa, baba. Na chini yake sahihi, ile yenye mkia mrefu kwenye herufi ya kwanza, ambayo Hanna aliiona kwenye kila karatasi ya nyumba yake kwa miaka ishirini na minne.

Hanna hakupiga kelele. Alikuwa anahesabu kwa vidole chini ya meza kama mtoto wa darasa la kwanza. Machi, Aprili, Mei, Juni. Miezi mitatu! Mtu ana mtoto wa miezi mitatu nyumba ya tatu kutoka kwake, halafu anamkalisha mkewe chini, anamlilia kwamba hazai! Na yeye akambembeleza! Alimfuta machozi kwa khanga yake, akampikia uji, akafungua begi akarudisha nguo kabatini. Moshi hawakwenda tena. Alitamani mtu yeyote mle ndani aseme kuna makosa ya uchapaji.

Msuluhishi ndiye aliyezungumza. Alikuwa ameshika mkataba, akasoma kifungu cha kumi na moja chote, si kile kipande kilichowekwa kwenye barua. Kinasema wanafamilia wanaoishi katika nyumba yenye bima.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "huyu kijana aliwahi kuishi kwako?"

"Hapana." Hanna aliisukuma karatasi pembeni. "Alikuwa anakuja kunywa chai, anarudi kwao."

Ikatosha. Kampuni ikaamriwa kulipa, vioo, milango, dari, rangi, kila kitu. Namnyaki akamkumbatia, Elieshi akapiga vigelegele kule nyuma maana hakuwa amesikia vizuri. Nyumba imerudi. Hanna aliitikia "asante, asante," na macho yake hayakutoka mlangoni.

Nje, kwenye benchi la korido, alikaa Pudensiana. Kampuni ilikuwa imemwita iwapo cheti kingepingwa. Alipomwona Hanna akasimama, mkoba ukamwanguka, hakuuokota.

"Mwalimu, nisamehe."

"Philemoni anajua?"

"Nilimwambia siku ile ulipompeleka serikali ya mtaa. Nilikuwa na hasira. Nilimwambia, huyo mama anakufukuza kwenye nyumba ya baba yako." Pudensiana alianza kulia. "Sikujua atafanya vile. Haki ya Mungu, sikujua."

"Na majirani. Nani mwingine alikuwa anajua?"

"Wote, Mwalimu. Hata wa kwaya." Pudensiana alimtazama kwa mshangao, mshangao wa kweli kabisa. "Kwani wewe ulikuwa hujui? Sisi tulijua unajua, na ile ya Mererani nilidhani unaitikia tu kunistiri. Ulivyomchukua mtoto ukamfundisha, ukawa unamwita mwanangu mbele ya watu, mtaa mzima ulisema yule mama ana moyo wa pekee."

Kuna swali moja lilikuwa limebaki, na Hanna alitaka kuliacha lilale huko huko liliko, lakini lilitoka lenyewe.

"Mama mkwe je? Naye alijua?"

Pudensiana akainama kuokota mkoba wake.

"Mama mkwe ndiye aliyempa mtoto jina."