Kusimama Jumamosi

Mwezi wa pili sasa Zuleha alikuwa chali, mguu umefungwa hogo la plasta, macho kwenye bati. Bodaboda ilimwangusha barabara ya Nachingwea, na tangu siku hiyo wifi yake, Mwanne, alimlisha, akamwogesha, akamkataza hata kuegemea mto. Mapenzi mengine, bwana, ni kufuli.

"Mgonjwa kazi yake kulala, wifi."

Zuleha alitaka kitu kimoja tu: kusimama Jumamosi. Siku hiyo binti yake, Hafidha, angetoka unyagoni, na katika ukoo wao mwali hupokewa mlangoni na mama yake, wima. Mama asiposimama, shangazi humshika mkono, na tangu hapo mambo yote ya mwali huamuliwa na shangazi. Shangazi ndiye huyo huyo Mwanne, aliyekwisha kumpatia Hafidha mchumba. Zuleha alitaka mwanawe amalize kidato cha nne.

Jumatano hogo lilifunguliwa. Alipojaribu kuinuka, nyumba ilizunguka. Mwalimu Gabrieli, jirani anayefundisha sayansi, alikuja kumjulia hali.

"Mama Hafidha, umekuwa mwanaanga! Wale kule juu hawana uzito. Damu inapanda kichwani, moyo unakosa kazi, unalegea. Wakirudi wakasimama ghafla, damu inazama miguuni, presha inashuka, chini! Wataalamu wakitaka kuyachunguza haya hapa duniani, humlaza mtu kitandani majuma mengi, kama wewe."

"Sasa nitasimamaje?"

"Polepole. Kaa kwanza, ning'iniza miguu, chezesha vidole, subiri. Ndipo uinuke."

Alifanya hivyo Alhamisi na Ijumaa, Mwanne akiwa kisimani. Wifi akirudi, anamlaza tena kwa mkono laini. Zuleha aliuchukia mkono ule, akaona haya kuuchukia, maana ndio uliomwosha.

Walisema mwali angeletwa Jumamosi adhuhuri. Ngoma ikaja saa tatu asubuhi. Zuleha alisikia vigelegele, kisha jina la mwanawe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nani angekumbuka kuning'iniza miguu? Alishika fimbo, akainuka kama zamani, hatua ya kwanza, ya pili, mwanga wa mlangoni ukawa giza.

Alipofumbua macho alikuwa kitandani. Mwanne alikuwa akimpepea huku analia, tena machozi ya kweli.

"Tulia, wifi yangu. Mtoto nimeshampokea."

Hafidha alikuwa amesimama pembeni, kapakwa mafuta, mzuri mno. Zuleha alimwita aje akae karibu. Binti akamtazama kwanza shangazi yake, akangoja akubaliwe.