Mlango wa Nyuma

Vyuo viwili viliniita nikasomee udaktari wa mifugo, na ugomvi ukaanza nyumbani hata sijamaliza kufurahi. Kimoja kilikuwa kikubwa, kina hospitali ya wanyama ya ghorofa na jina ambalo mama alilitaja hata akienda kununua chumvi. Kingine kilikuwa kidogo, si mbali na kwetu, kina mabanda matatu na mkuu wa chuo anayeshinda na mabuti ya mpira hata ofisini.

Nilivitembelea vyote. Kwenye kile kikubwa walituswaga kundi zima tukaangalie ng'ombe akipasuliwa upande wa pili wa kioo. Vichwa vilikuwa vingi mbele yangu, nikaambulia kuona mkia. Kwenye kidogo, mkuu wa chuo alinivisha glovu inayofika begani, akanielekeza niingize mkono polepole kwa ng'ombe mwenye mimba. Nikagusa kwato laini, nayo ikajivuta. Akanieleza kwamba pale kila mwanafunzi hupewa ndama wiki ya kwanza, amlee na kumtibu mpaka atakapohitimu. Nilitoka nimeshachagua.

Baba alisema hapana, akaenda zake kazini.

Mama alimuunga mkono. Nilipomwambia kwamba ukubwa wa pua si wingi wa makamasi, alinijibu kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwamba guu likishavunjika nisimwite yeye. Nikamfuata baba buchani. Nilimkuta ananoa kisu, nusu ya ng'ombe inaning'inia nyuma yake. Nikamtaka anipe sababu moja tu, kwani ile ya jina kubwa nilikuwa nimeshachoka kuisikia.

Hakuniangalia. "Ng'ombe wa chuo chako wakikauka maziwa, unadhani wanakwenda wapi?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza.

"Wanakuja hapa. Mimi ndiye ninayewachukua, tangu hujazaliwa. Naingilia mlango wa nyuma, kwenye samadi. Mkuu wako yule hajanipa mkono hata siku moja. Anaongea na mimi akiwa ng'ambo ya ua, kama mtu anayefukuza mbwa."

Mkono ule ule ndio ulionivisha glovu. Nilisikia uchungu, lakini nilikuwa na hasira pia, na hasira ndiyo iliyowahi mdomoni. "Kwa hiyo nikasome mbali kwa sababu ya mlango?"

Akaweka kisu chini. "Siku ya kuwapokea wazazi nitavaa suti. Nikipita mbele pale watasema muuza nyama kapotea njia. Nakuomba, mwanangu. Nataka mahali pamoja tu ambapo na mimi nitapita mbele."

Baba hakuwa mtu wa kuomba. Angefoka ningejua la kumjibu. Nilitazama lile gogo la kukatia nyama lililonilisha tangu utotoni, nikakubali, na nikamchukia kwa kunifanya nikubali.

Siku ilipofika alisugua mikono kwa limau mpaka ikawa myekundu, mama akamfunga tai. Tulifika kwenye geti la chuo kikubwa tukakuta msururu wa watu na masanduku. Askari alikuwa akiwaambia wote maneno yale yale: geti la mbele leo ni la wageni rasmi, wazazi wenye mizigo wazungukie nyuma, kupitia jikoni. Mama akaanza kubishana naye. Baba alisimama akilitazama lile geti, na mimi nikaomba moyoni akasirike, apige kelele, aseme turudi nyumbani.

Alilitwaa sanduku langu, akalitupa begani juu ya suti mpya, vile vile anavyobeba nyama.

"Twendeni," alisema. "Mlango wa nyuma sihitaji kuonyeshwa."

Tukamfuata kando ya ukuta, tukapita mapipa ya taka na masufuria yaliyoanikwa juani. Mama alinong'ona kwamba bega la suti limeshachafuka. Baba hakugeuka, na mimi nililia kwa hasira nisijue nimlaumu nani kati ya wote walionifikisha pale.

Wiki ile ile, kule chuo kidogo, walikuwa wanagawa ndama. Wangu alipewa mtu mwingine. Ndama huyo akizeeka na kukauka maziwa, baba atakwenda kumchukua.