Ukuta Nyuma ya Mashine ya Vyombo

Maji yalikuwa yamelala ndani ya mashine mbovu ya kuoshea vyombo kwa majuma matatu, na uvundo wake ulifika hadi chumbani. Mume wangu Ante aliniambia niyaache: tunahama Ijumaa, wapangaji watajua wenyewe. Lakini mimi si mwanamke wa kuacha uvundo nyumbani kwangu watu waje wanicheke.

Tulikuwa tunahama kwa sababu ya mapafu yake. Miaka thelathini na nane amekula vumbi la hapa Coober Pedy, jangwani Australia, akitafuta vito vya opali, na alichopata hakijazi kiganja. Daktari alimwambia akishika sululu tena, atakufa nayo mkononi. Aliniapia kwamba ameacha, ila viapo vyake nilishavizoea. Nilitaka tufike kwa binti yetu Vesna, pwani, kabla hajabadili nia.

Basi nikapiga magoti na kikombe. Nilichota, nikamimina ndooni, nikachota tena, mpaka kikombe kikaanza kukwaruza chini, sponji ikamalizia. Chujio lilikuwa safi. Ubovu, nikajua, uko kwenye mpira wa maji wa nyuma. Nikaikumbatia mashine nikaivuta itoke kwenye shimo lake. Nyumba zetu zimechongwa ndani ya mwamba, na shimo lile Ante alilichonga mwenyewe.

Mpira ulikuwa umepasuka, na maji yalikuwa yakivuja ukutani muda wote huo. Nikamulika tochi.

Mungu wangu! Ukuta ulikuwa unawaka. Mshipa wa opali mpana kama mkono wangu ulipita mwambani, wa kijani, na nilipogeuza kichwa kidogo ukawa mwekundu, kisha samawati. Nilisahau kufunga mdomo. Nimeishi na mchimbaji tangu ujana wangu nikimcheka, sikujua kilichokuwa kinamwita. Sasa nilijua.

Kisha nikakumbuka. Mwamba mkavu hauonyeshi kitu. Kila mchimbaji huumwagia maji kwanza. Siku alipochonga shimo lile, Ante alishika ndoo tayari, nami nikamfokea asinichafulie sakafu mpya.

Ningeweza kuirudisha mashine mahali pake, asijue kitu. Ijumaa ilikuwa kesho kutwa tu.

"Ante! Njoo uone."

"Si nimekwambia uyaache hayo maji, mama? Wewe husikii?"

"Njoo, mzee, usinibishie."

Akaja akiburuta ndara. Akainama, akaugusa ukuta kwa kidole kimoja. Nilisikia kifua chake kikipiga mluzi.

"Mimi ndiye niliyekukataza kumwaga maji," nikasema. Niliona aibu.

"Wewe na sakafu yako!" Akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Nilijua sasa atakimbilia vifaa vyake, na safari imekufa.

Hewa ya huku haichelewi kukausha. Rangi zilianza kuzima, moja baada ya nyingine. Ante akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Nimeiona, Nevenka. Inanitosha. Twende tukafunge masanduku."

Akaenda kweli. Nikamsikia akifungua kabati, akikunja mashati. Mimi nilichota yale maji ya uvundo ndooni, nikaumwagia ukuta, ukawaka. Nikachota tena.

"Ante," nikaita, "sululu umeiweka wapi?"